Wababe wa vita wa Japani na mashujaa wa kubuni waliotokana nao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila tamthilia au gemu mpya ya samurai ikitoka, maswali huwa yale yale. Huyu alikuwepo kweli? Alikufa vile? Yule Mwafrika wametia chumvi au ni historia? Nimeyakusanya hapa ili nisiyajibu tena moja moja. Nitafichua mwisho wa hadithi kadhaa, kwa hiyo ambaye hajaangalia asome kwa tahadhari. Majina nimeyaandika kama Wajapani wanavyoyaandika, ukoo kwanza: Tokugawa ni ukoo, Ieyasu ndiye mtu.

## "Mbabe wa vita" ni nani hasa? Si samurai yeyote?

Hapana. Samurai ni tabaka zima la watu wa kubeba silaha, kuanzia mwenye ngome hadi yule mwenye panga zake mbili na deni la mchele. Mbabe wa vita tunayemzungumzia ni daimyo: mtawala wa jimbo mwenye ngome, jeshi na wakulima wanaomlipa kodi. Walishamiri baada ya vita vya Onin, vilivyoanza Kyoto mwaka 1467. Mashogun, yaani watawala wakuu wa kijeshi wa nchi, wakati huo wa ukoo wa Ashikaga, wakabaki na cheo bila meno, na kwa zaidi ya miaka 100 kila bwana akawa anammezea mate jirani yake. Kipindi hicho ndicho Sengoku, na ndicho kisima ambacho waandishi wengi wanachota.

Ukubwa wa daimyo haukuhesabiwa kwa panga bali kwa koku. Koku moja ni kama lita 180 za mchele, kadirio la chakula cha mtu mmoja kwa mwaka. Himaya ya ukoo wa Date kule Sendai ilipimwa kwa koku 620,000. Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua nani alishe askari wangapi, na ndiyo ya kwanza kutupwa mwandishi wa filamu anapoketi kuandika.

## Toranaga wa "Shogun" ni nani katika historia?

Ni Tokugawa Ieyasu (1543–1616). James Clavell alitoa riwaya yake mwaka 1975, ikafanywa tamthilia mwaka 1980 ambapo Toranaga aliigizwa na Mifune Toshiro, kisha ikafanywa upya mwaka 2024 na Sanada Hiroyuki ikaondoka na tuzo 18 za Emmy. Wengine nao wanatambulika: Ishido ni Ishida Mitsunari, marehemu Taiko ni Toyotomi Hideyoshi, Goroda aliyeuawa zamani ni Oda Nobunaga (hawa wawili ndio wababe wakuu waliomtangulia Ieyasu), na Ochiba ni yule mama wa mrithi anayejulikana kama Yodo-dono.

Ieyasu halisi ana mengi kuliko Toranaga. Utoto wake aliumalizia mikononi mwa watu wengine kama mateka, kwanza kwa ukoo wa Oda kisha kwa Imagawa, kwa sababu baba yake alikuwa bwana mdogo aliyebanwa kati ya wakubwa wawili. Mwaka 1579, akiwa mshirika wa Nobunaga, aliamuru mkewe auawe na mwanawe wa kwanza, Nobuyasu, ajipasue tumbo, kwa tuhuma za njama na adui. Kuna kijishairi maarufu kilichotungwa baadaye kuhusu ndege asiyetaka kuimba: Nobunaga angemuua, Hideyoshi angemfanya aimbe, Ieyasu angengoja aimbe mwenyewe. Subira huvuta heri, tunasema sisi. Ila subira ya Ieyasu ilikuwa na kaburi la mwanawe ndani yake.

Sasa angalia riwaya inaishia wapi. Inaishia mwaka 1600, vita vya Sekigahara, kati ya Ieyasu na upande wa Mitsunari, vikiwa ndiyo kwanza vinanukia. Pale Sekigahara, tarehe 21 Oktoba 1600, Ieyasu alishinda kwa siku moja, hasa baada ya Kobayakawa Hideaki kugeuka katikati ya pigano na kuwashambulia wenzake. Mwaka 1603 akawa shogun. Hadithi ingeendelea tungefika Osaka miaka ya 1614 na 1615, ambako mzee huyu alimaliza kabisa nyumba ya Hideyoshi. Hideyori, mwana wa Hideyoshi ambaye Ieyasu aliapa kumlinda, alijiua ndani ya ngome inayowaka, na mwanawe wa miaka minane akakatwa kichwa. Mke wa Hideyori alikuwa mjukuu wa Ieyasu mwenyewe; alitolewa ngomeni akiwa hai. Ukimkatia mtu hadithi yake mwaka 1600 anabaki shujaa mwenye akili nyingi. Ukimwacha hadi 1615, unahitaji neno lingine.

## Kwa nini mwandishi abadilishe majina wakati kila mtu anajua ni nani?

Watu hudhani ni ujanja wa Wazungu wa kukwepa makosa ya kihistoria. Kumbe Wajapani wenyewe walikuwa na desturi hiyo karne mbili kabla, kwa sababu nyingine: hofu ya serikali. Watawala wa ukoo wa Tokugawa walikataza kuandika habari za Ieyasu na nyumba yake, na marufuku ikapanuka hadi kwa mashujaa wa enzi ya Nobunaga na Hideyoshi. Watunzi wa tamthilia za kabuki na za vikaragosi wakawa wanabadilisha herufi mbili tatu na kurudisha saa nyuma. Katika mchezo wa mwaka 1799 kuhusu maisha ya Hideyoshi, yeye aliitwa Mashiba Hisayoshi na muuaji wa Nobunaga, Akechi Mitsuhide, akaitwa Takechi Mitsuhide. Hakuna mtazamaji aliyepotea njia.

Kisa cha ronin 47, yaani samurai wasio na bwana, waliolipiza kisasi cha bwana wao mwanzoni mwa mwaka 1703, kilipofika jukwaani mwaka 1748 kiliwekwa karne ya 14, na kiongozi wao Oishi Kuranosuke akawa Oboshi Yuranosuke.

Na haukuwa mzaha. Mwaka 1804 mchoraji Utamaro, bingwa wa picha za wanawake, alichora Hideyoshi na wanawake wake kwa majina yao halisi. Alifungwa pingu siku 50.

## Blackthorne, yule Mwingereza wa "Shogun", naye?

William Adams, rubani wa meli kutoka Gillingham, Uingereza. Alifika na meli ya Kiholanzi De Liefde mwezi Aprili 1600, akamjengea Ieyasu meli mbili za mtindo wa Ulaya, akapewa shamba Hemi na jina Miura Anjin. Alifia Hirado mwaka 1620. Vita vya upanga na mapenzi ya hatari ni mali ya riwaya.

## Mariko, mkalimani wa "Shogun", alikuwepo?

Alikuwepo mwanamke ambaye Mariko alichongwa kutokana naye: Hosokawa Gracia (1563–1600). Baba yake ndiye yule Akechi Mitsuhide aliyemuua Nobunaga, kwa hiyo tangu mwaka 1582 aliishi na jina la binti wa msaliti. Alibatizwa Mkristo. Mwezi Agosti 1600 Ishida Mitsunari alipotaka kuwakamata wake za madaimyo waliomfuata Ieyasu ili awe na rehani mkononi, Gracia alikataa kutoka. Dini yake haikumruhusu kujiua, hivyo mtumishi wa nyumba alimuua kwa amri, kisha nyumba ikachomwa moto. Mapenzi na William Adams hayamo katika kumbukumbu yoyote.

Kitu kinachonifurahisha zaidi ni hiki: alikuwa shujaa wa jukwaani Ulaya muda mrefu kabla ya Clavell. Mapadre wa Kijesuti walipeleka habari zake kwao, na mwaka 1698 chuo chao cha Vienna kiliigiza mchezo wa muziki kwa Kilatini kuhusu "mwanamke jasiri" wa Japani. Huko nako walimchonga upya. Mume wake wakamfanya jitu katili asiye Mkristo, na kifo chake wakakifanya cha shahidi aliyeteswa kwa imani. Siasa ya rehani, iliyomuua kweli, haikumpendeza mtunzi.

## Katsumoto wa "The Last Samurai" ni Saigo Takamori?

Ndiyo, na hapa ndipo pengo kati ya mtu na mhusika ni pana kuliko kote. Saigo (1828–1877) hakuwa bwana wa kijiji cha milimani anayeswali mbele ya maua ya mcheri na kuchukia bunduki. Alikuwa samurai wa ngazi ya chini kutoka Satsuma, kusini kabisa mwa Japani, aliyepanda hadi kuwa mmoja wa watu watatu au wanne walioangusha utawala wa Tokugawa mwaka 1868. Aliongoza jeshi la serikali mpya. Yaani ile serikali ambayo Katsumoto anapigana nayo, Saigo alikuwa miongoni mwa waliotia saruji msingi wake.

Alijiondoa mwaka 1873 baada ya kushindwa katika mjadala wa kuivamia Korea, na yeye alikuwa upande uliotaka Korea iandamwe. Akarudi kwao Kagoshima, akafungua shule za kijeshi. Mwaka 1876 serikali ilipiga marufuku kutembea na panga na ikawabadilishia samurai posho zao kuwa hati za dhamana. Mwaka uliofuata vijana wake waliasi, naye akawaongoza. Walikuwa na bunduki na mizinga. Walizipenda sana, shida yao ilikuwa risasi kwisha. Walikwama siku zaidi ya 50 wakiizingira ngome ya Kumamoto, ambayo walinzi wake wengi walikuwa watoto wa wakulima walioandikishwa jeshini kwa lazima. Mwisho, tarehe 24 Septemba 1877, Saigo akiwa na wafuasi mia chache kwenye kilima cha Shiroyama alizungukwa na askari wapatao 30,000. Risasi ilimpata, na mtu wake mmoja akamkata kichwa ili kisichukuliwe na adui.

Yule Mmarekani, Algren? Anafanana na Jules Brunet, afisa wa Ufaransa aliyefika mwaka 1867 kufundisha jeshi la shogun, kisha akakataa kuondoka bosi wake alipoangushwa. Alipigana hadi Hakodate, kaskazini mwa nchi, mwaka 1869. Ila Brunet alikuwa upande wa shogun, na jeshi lililomfukuza lilikuwa la akina Saigo. Filamu imewaketisha kwenye zulia moja watu waliokuwa maadui.

Mwaka 1889 serikali ilimsamehe marehemu, na mwaka 1898 ikazinduliwa sanamu yake katika bustani ya Ueno, Tokyo, akiwa na vazi jepesi na mbwa wake. Hana deraya wala sare za jenerali. Mimi husoma sanamu ile kama filamu ya kwanza ya Saigo: mwasi akishakufa, anavishwa nguo za mtu mpole.

## "Kagemusha" ni kisa cha kweli?

Bwana ni wa kweli, mwizi aliyefanana naye ni wa kubuni. Takeda Shingen (1521–1573), mtawala wa Kai, alifariki akiwa safarini kivita muda mfupi baada ya kumchapa Ieyasu vibaya pale Mikatagahara. Inasimuliwa kwamba aliagiza kifo chake kifichwe miaka mitatu. Kurosawa Akira alichukua agizo hilo akauliza: nani atakaa kwenye kiti hicho miaka mitatu? Filamu ilitoka mwaka 1980 na kugawana tuzo kuu ya Cannes na filamu nyingine. Ukoo wa Takeda nao ulikuwa na jibu lake, kwani mdogo wake Shingen, Nobukado, alifanana naye na husemwa aliwahi kusimama badala yake.

Pigano la mwisho la filamu ni Nagashino, mwaka 1575, ambapo mwana wa Shingen, Katsuyori, alipeleka watu wake mbele ya uzio wa miti na bunduki za utambi za Nobunaga. Ile hesabu ya bunduki 3,000 zinazofyatuliwa kwa zamu ni maarufu, lakini wanahistoria wengi wa sasa wanaitilia shaka.

Shingen mwenyewe filamu inamwonyesha kidogo, na ni hasara. Huyu ni mtu aliyemfukuza baba yake mzazi mwaka 1541 na kushika madaraka, akamfungia mwanawe mkubwa hadi akafa kifungoni mwaka 1567, na ndiye pia aliyejenga tuta la kuzuia mafuriko ya mto ambalo bado linaitwa kwa jina lake. Wakulima wa Kai walimkumbuka kwa lile tuta.

## Na "Ran"? Si ni Shakespeare ile?

Ni King Lear iliyokutana na Mori Motonari (1497–1571). Kila mtoto wa Japani anakijua kisa cha mishale mitatu: Motonari anawapa wanawe watatu mshale mmoja mmoja wavunje, wanavunja, anawapa mitatu pamoja, inawashinda. Kwetu kisa hicho kinasimuliwa kwa fimbo, na mzee anamalizia kwamba umoja ni nguvu. Kurosawa alijiuliza ingekuwaje kama wana wale wangekuwa wabaya. Katika filamu yake ya mwaka 1985, mtoto wa mwisho anaichukua mishale mitatu na kuivunja kwenye goti.

Kitu cha kweli ni barua. Mwaka 1557 Motonari aliwaandikia wanawe waraka mrefu wa vipengele 14 akiwasihi wasitengane. Wawili kati yao alikuwa amewapachika kama warithi katika koo jirani za Kikkawa na Kobayakawa, akazimeza koo hizo bila vita kubwa, kwa hiyo alikuwa na kila sababu ya kuogopa kwamba siku moja watajiona si ndugu tena. Kisa cha mzee akiwa kitandani anakata roho hakiwezekani: mwanawe mkubwa, Takamoto, alimtangulia kufa mwaka 1563.

Mashabiki wa soka wanaoifahamu Sanfrecce Hiroshima wanaibeba hadithi hii bila kujua. San ni tatu kwa Kijapani, frecce ni mishale kwa Kitaliano. Na yule Kobayakawa Hideaki aliyegeuka Sekigahara? Alirithi nyumba ya mmoja wa wana hao watatu, kwa kuasiliwa.

## Kwa nini Nobunaga huwa shetani kwenye gemu na anime (katuni za Kijapani)?

Sababu moja ni saini. Padre Luis Frois aliandika kwamba Shingen alimtumia Nobunaga barua akijipa cheo cha kidini, naye Nobunaga akajibu kwa kujiita Mfalme wa Mashetani wa Mbingu ya Sita. Ilikuwa kejeli kati ya wanaume wawili waliochukiana. Sababu ya pili si kejeli: mwaka 1571 alichoma mahekalu ya mlima Hiei na kuua watawa, wanawake na watoto. Watunga gemu wakaunganisha mambo haya mawili, wakaongeza moshi wa zambarau, biashara ikaisha.

## Yasuke alikuwepo kweli? Alitoka kwetu?

Alikuwepo. Swali hili naliulizwa kuliko yote, hasa tangu anime yake ya mwaka 2021 na gemu ya Assassin's Creed Shadows ya mwaka 2025 iliyomfanya mmoja wa wahusika wakuu wawili. Yeye hakuwa mbabe wa vita. Alikuwa mtu wa mbabe wa vita, yaani mtumishi wa karibu wa Nobunaga.

Alifika Japani mwaka 1579 pamoja na mkaguzi wa Wajesuti, Alessandro Valignano. Mwaka 1581 walipofika Kyoto watu walisongamana kumtazama. Nobunaga aliagiza aletwe, akamvua nguo za juu na kuamuru asuguliwe, akidhani amepakwa wino. Alipoona ngozi haibadiliki akampenda. Mwandishi wa habari za Nobunaga, Ota Gyuichi, alimkadiria miaka 26 au 27 na kusema ana nguvu za watu kumi. Samurai mwingine, Matsudaira Ietada, alimwona mwaka 1582 na kuandika katika shajara yake kwamba jina lake ni Yasuke na urefu wake shaku 6 na sun 2, yaani kama sentimita 188. Mjesuti mmoja aliandika kuwa Nobunaga hakuchoka kuongea naye kwa kuwa alijua Kijapani kiasi, na kwamba mjini watu walisema atapewa ubwana.

Alitoka wapi? Mjesuti wa Ufaransa, François Solier, aliandika mwaka 1627 kwamba alitoka Msumbiji. Enzi hiyo Kisiwa cha Msumbiji kilikuwa kituo cha meli za Wareno kati ya Lisbon na Goa, na kabla Wareno hawajakiteka kilikuwa na sheikh wake, mji wa biashara katika mwambao huu huu wa Waswahili. Hakuna waraka unaotaja kabila lake au lugha ya mama yake. Anayekuambia kwa uhakika kwamba alikuwa Mmakua au Mswahili anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Alikuwa samurai? Alipewa nyumba, posho na upanga mfupi, akambebea bwana wake silaha. Kwa viwango vya mwaka 1581, kabla Hideyoshi hajachora mpaka mkali kati ya mkulima na askari, mtu wa namna hiyo aliyelishwa na bwana na kupigana kwa ajili yake alikuwa ndani ya mlango. Wanaobishana mtandaoni wanapima kwa sheria za karne iliyofuata.

Alfajiri ya tarehe 21 Juni 1582 Akechi Mitsuhide alimvamia Nobunaga katika hekalu la Honno-ji. Yasuke alitoka akaenda kupigana upande wa mwana wa Nobunaga, kisha akasalimisha upanga wake. Akechi alisema huyu ni kama mnyama, hajui kitu, wala si Mjapani, asiuawe, apelekwe kwa mapadre. Wengine husema ilikuwa dharau, wengine huruma iliyovishwa dharau. Baada ya hapo nyaraka zinanyamaza, na kila filamu inaanzia kwenye ukimya huo.

## Kofia ya Darth Vader ni ya Date Masamune?

Waliobuni Star Wars walichota kwenye kofia za samurai kwa jumla, ule mkia mpana unaoshuka kufunika shingo. Kuibandika kwa Masamune peke yake ni kuvuta kamba mno, ingawa ukiliona deraya lake jeusi katika jumba la makumbusho la jiji la Sendai utaelewa kwa nini watu husema hivyo.

Masamune (1567–1636) alipoteza jicho la kulia kwa ndui utotoni, akaitwa Joka la Jicho Moja. Mwaka 1585 baba yake alitekwa na jirani na akauawa katika purukushani ya kumwokoa. Mwaka 1613 alituma ubalozi uliovuka Pasifiki hadi Meksiko, ukaenda Hispania na Roma kumwona Papa Paulo wa Tano. Kiongozi wake, Hasekura Tsunenaga, alirudi mwaka 1620 akakuta Ukristo umepigwa marufuku. Katika mji wa Coria del Río, Hispania, hadi leo kuna watu wenye jina la ukoo Japón. Gemu ya Sengoku Basara, badala ya hayo yote, ilimpa panga sita. Tamthilia ya televisheni ya mwaka 1987 ilimtendea haki zaidi, na aliyemwigiza, Watanabe Ken, ndiye baadaye akawa Katsumoto.

## Hattori Hanzo alikuwa fundi panga?

La. Alikuwa samurai wa Ieyasu mwenye asili ya Iga. Mwaka 1582, baada ya Nobunaga kuuawa, alisaidia kumvusha Ieyasu katika milima ya Iga hadi kwao salama. Katika filamu ya Kill Bill jina amepewa fundi panga, akiigizwa na Sonny Chiba, ambaye miaka ya 1980 alimwigiza Hanzo kwenye televisheni ya Japani.

## Sasuke wa Naruto ana uhusiano na samurai?

Kwa njia ya kuzunguka. Sanada Yukimura (1567–1615), ambaye katika barua zake alisaini Nobushige, alikuwa bwana mdogo aliyeingia ngome ya Osaka kumtetea Hideyori. Siku yake ya mwisho alivunja safu za Ieyasu hadi makao yake makuu, na bendera ya mzee ikaanguka. Aliuawa akiwa amechoka, karibu na hekalu dogo. Adui zake wa Satsuma ndio walioandika kwamba ndiye askari namba moja wa Japani.

Miaka ya 1910 vitabu vya bei rahisi vya watoto huko Osaka vilimzungushia mashujaa kumi wa kubuni, na aliyependwa zaidi ni ninja Sarutobi Sasuke. Humo ndimo katuni ya Naruto ilimochota: ukoo wa Sarutobi, na jina la Uchiha Sasuke.

## Sakai Jin wa gemu ya "Ghost of Tsushima" je?

Wa kubuni, yeye na mjomba wake. Uvamizi wa Wamongolia wa mwaka 1274 ni wa kweli, na aliyewakabili kisiwani Tsushima ni So Sukekuni akiwa na wapanda farasi wapatao 80. Walikufa. Mwaka 2020 kimbunga kilipoangusha lango la hekalu moja kisiwani humo, wachezaji wa gemu walichanga pesa lijengwe upya.

## Mbona mashujaa wengi ni walioshindwa?

Hesabu: Saigo, Yukimura, ukoo wa Takeda, Nobunaga aliyefia katikati ya kazi. Wajapani wana msemo, hangan-biiki, kumpendelea "hangan", cheo cha Minamoto no Yoshitsune. Huyo ndiye aliyeushinda ukoo wa Taira kwa mapigano ya kasi, akamaliza kazi baharini Dan-no-ura mwaka 1185, kisha kaka yake Yoritomo akamwinda hadi akajiua mwaka 1189. Yoritomo ndiye aliyeanzisha serikali ya mashogun iliyodumu. Nani anamwimba Yoritomo? Kabuki na noh, michezo ya jukwaani ya jadi, zinamwimba mdogo mtu, na wapo waliosema hakufa bali alivuka bahari akawa Genghis Khan.

Maoni yangu ni haya. Kushinda Japani kulihitaji mchele, ndoa za mkakati, watoto waliowekwa rehani na barua za usiku kwa watu kama Hideaki. Vitu hivyo ni vizito kuvionyesha, na vikionyeshwa vinamchafua mtu. Anayekufa mapema anaondoka kabla ya kudaiwa. Toranaga ndiye mshindi pekee aliyefanikiwa kupendwa, na tumeshaona ilibidi hadithi ikatwe wapi.

## Kuna aliyedhaniwa wa kubuni kumbe alikuwepo?

Yamamoto Kansuke, mtaalamu wa mbinu wa Shingen, chongo na kiwete, anayesemwa alikufa katika pigano la nne la Kawanakajima mwaka 1561. Kwa miaka mingi wasomi walimweka kwenye kapu la ngano. Mwaka 1969 ikapatikana Hokkaido barua ya Shingen yenye jina lake. Anatajwa kama mjumbe tu, si bingwa wa mbinu. Riwaya zilikuwa zimeshamtangulia mbali.

## Nikienda Japani, naweza kuona nini?

Nenda Sendai, kwenye mabaki ya ngome ya Aoba, Masamune amekaa juu ya farasi akitazama mji. Tokyo kuna treni ya chini ya ardhi ya Hanzomon, yenye jina la lango lililolindwa na watu wa Hanzo, na kaburi lake liko Yotsuya pamoja na mkuki wake. Saigo na mbwa wako Ueno. Hosokawa Gracia ana sanamu karibu na mahali nyumba yake ilipoungua Osaka.

Ukifika kwa Masamune mtazame usoni. Sanamu ina macho mawili. Aliacha wosia kwamba baada ya kufa picha zake zichorwe hivyo, na wachongaji wakamtii. Watunga gemu ndio waliokataa.